Dalali mbinafsi kwenye katuni ya jitu kubwa: anabadilikaje bila kugeuka mlokole ghafla?

ZabibuKavu

Wakuu, habarini za jioni.

Tunaandika katuni ya mfululizo hapa Dodoma, sehemu 12, kila moja dakika 11. Jitu letu tumeliita Idodomya. Simulizi ya jina la mji mnaijua: tembo alishuka kunywa maji, akanasa kwenye tope, akadidimia, na Wagogo wakasema kwa lugha yao kwamba amezama. Sisi tunadai hakufa. Alikaa huko chini anakua, na mwaka ambao kiangazi kimekausha tope mpaka chini kabisa, ametoka. Ana mita 50 kutoka ardhini hadi mgongoni. Hana ugomvi na mtu, anatafuta maji tu, ila anapokanyaga hapajengwi tena.

Mhusika mkuu si mwanajeshi wala mwanasayansi. Ni dalali wa mahindi soko la Kibaigwa, jina la kijiweni Chajuu. Kipaji chake ni kupatana, na hakuna anachokipenda kuliko nafsi yake. Watu wakianza kukimbia, yeye anauza nafasi kwenye lori. Mwishoni ndiye anayepelekwa kupatana na jitu lenyewe.

Kinachonisumbua ni sehemu ya 9. Chajuu anamkuta mtoto analia kando ya nyumba iliyobomoka, anambeba mgongoni, machozi yanamtoka, na kuanzia hapo ni mtu mwema. Kwenye karatasi inasomeka vizuri, lakini haiaminiki hata kidogo. Naomba kujua: mabadiliko yaanze sehemu ya ngapi? Atapatanaje na kiumbe kisichosema? Na ni lazima afe mwishoni? Nusu ya kikundi wanataka afe.

KaraniWaGhala

Mkuu, sehemu ya 9 umeionea bure. Kosa liko kwenye nane zilizotangulia, ambamo Chajuu, kwa ulivyoeleza, hajapoteza hata shilingi mia. Mtu aliyeishi kwa hesabu, tabia yake inasomwa kwenye hesabu. Machozi hayana safu kwenye daftari lake.

Kabla ya kugusa mswada, chora daftari lenye safu nne: namba ya sehemu, alichopata, alichotoa, na nani alimwona akitoa. Hiyo ya nne ndiyo waandishi wengi wanaisahau. Tendo jema mbele ya watu kwa dalali bado ni biashara, maana anauza jina lake kwanza, mahindi baadaye. Ukijaza safu hizo kwa sehemu zote 12 utaona mara moja pale ulipomwachia mhusika aondoke bila kulipa.

Halafu matendo mema ya mwanzo yafanyike kwa sababu mbaya. Mfano: ana Canter ya tani nne, ndani gunia 40 za kilo 100, mali yake mwenyewe. Tuseme kwenye hadithi gunia ni 65,000. Mzigo wote ni milioni mbili na laki sita. Akizishusha anapata nafasi ya kilo 4,000, sawa na watu 60 ukimpa kila mmoja kilo 65. Kila kichwa kikilipa 45,000 anakusanya milioni mbili na laki saba: mtaji umerudi na laki moja juu. Sehemu ya 5 ashushe gunia. Watu wanaokoka, yeye anapata faida, na mtazamaji hajui amshukuru au amzabe kibao. Hiyo hali ya kutojua usiitatue mapema, iache imkere mtazamaji kwa sehemu tatu nzima.

Baada ya hapo lazima arudi nyuma angalau mara moja, na kurudi kwenyewe kuwe kubaya kuliko alivyoanza, kwa sababu safari hii anajua anachofanya. Miswada mingi ya majitu inaharibikia hapa. Mwandishi anampenda mhusika wake mapema mno, anaanza kumlinda. Anampa mtu mbaya zaidi yake ili yeye aonekane nafuu, au anamwekea mtoto wa kulia njiani. Mtoto wa sehemu ya 9 ni swichi tu, umembonyeza taa ikawaka. Kama unamtaka kweli, mpe kazi tangu sehemu ya 1 na awe na maslahi yake yanayogongana na ya Chajuu. Mimi ningeweka utingo wa ile Canter, binti wa miaka kumi na tisa hivi, anayedai mshahara wa miezi miwili.

Kuhusu kufa, hapana. Akifa analipa mara moja, na hiyo ndiyo bei rahisi kuliko zote. Mwache aishi akiwa amepungukiwa.

MtuWaSokoni

Karani kasema kweli, ila hesabu ya Canter ina tundu. Uzito unakubali watu 60, bodi haikubali. Bodi ya mita 4 kwa 2 ni mita za mraba 8. Watu 60 ni zaidi ya saba kwenye kila mita moja ya mraba, na barabara ya vumbi yenye makorongo watadondoka kona ya kwanza. Weka 40, watano kwa mita, wamesimama wameshikana. Na angalieni kinachotokea kwenye hesabu: gunia 40 zimeshuka, watu 40 wamepanda. Mtu mmoja gunia moja. Chajuu hahitaji hata kalamu. Atatoza 70,000 kwa kichwa: 65,000 bei ya gunia, 5,000 cha juu yake. Jumla laki mbili za faida, na mtazamaji ameshaelewa jina lake limetoka wapi.

Maana kama hamjui cha juu mtaandika dalali wa kwenye sinema. Mkulima anasema nataka 60,000. Dalali anamwambia mnunuzi bei ni 65,000. Hiyo elfu tano katikati ni cha juu, mbali na ujira wake wa wazi kwa kila gunia. Kinachomlisha si ulimi, kama watu wa nje wanavyodhani. Ni kwamba mkulima hajui mnunuzi yuko tayari kutoa ngapi, na mnunuzi hajui mkulima yuko tayari kushuka hadi wapi. Wakikutana hao wawili uso kwa uso, dalali hana chakula. Ndiyo maana utamkuta dalali amemkalisha mnunuzi kwa mama ntilie upande mmoja wa soko na mkulima kwenye gari upande mwingine, anatembea yeye.

Kwa hiyo swali lako la mabadiliko lina jibu ndani ya kazi yenyewe. Dalali anakula kwenye kutojua kwa wengine. Akianza kugawa anachokijua, amebadilika, hata kama bado ana mdomo mchafu, hata kama hajambeba mtoto wa mtu. Mengine yote ni mapambo. Tafuteni kitu kimoja ambacho Chajuu peke yake anakijua kuhusu jitu, kitu chenye bei, akiuze tangu sehemu ya 1, halafu siku moja kitoke bure.

Vifaa vyake: mpeni bambo. Ni kile chuma chenye ncha na mfereji unachochoma kwenye gunia kutoa punje za kuangalia. Dalali mjanja anajua achome wapi. Mahindi mazuri yamepangwa pembeni na juu, yenye fangasi yako katikati, basi anachoma pembeni. Unyevu nao: mahindi ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5, na mzoefu anang'ata punje. Ikikatika kwa mlio ni kavu, ikibonyea ni mbichi. Mchoreeni mara mbili, mwanzo anachoma pembeni, mwisho anachoma katikati ya gunia lake mwenyewe mbele ya mnunuzi. Bila neno lolote.

Lumbesa pia msiisahau. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lumbesa ni lile lililoshonewa kilemba juu. Mkichora gunia za sehemu ya 1 zina vilemba na za sehemu ya 12 zimeshonwa mdomoni sawasawa, watu wa Kongwa, wilaya lilipo soko la Kibaigwa, wataelewa kabla ya mhusika kufungua kinywa. Wa Dar sijui.

Fremu25

Hicho kitu anachokijua peke yake, fizikia inakupa bure.

Jitu likikanyaga, mtetemo unapita ardhini na sauti inapita hewani. Hewani ni kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye mwamba mgumu kama hii granaiti yetu mtetemo unakwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Akiwa kilomita 2, ardhi inatikisika ndani ya sekunde moja, kishindo kinafika karibu sekunde ya sita. Chajuu achomeke lile bambo ardhini, alishike kwa vidole viwili, ahesabu kutoka mtikisiko hadi kishindo. Kwa hesabu ya sokoni sekunde tatu ni kilomita moja. Hesabu hiyo inamweka jitu karibu kidogo kuliko lilipo kweli, kwa hiyo kosa lake linaangukia upande wa usalama. Usiku, vumbi likiwa zito, yeye peke yake anajua lilipo na kama linakaribia. Akihesabu sita, nafasi ni 20,000. Akihesabu tatu ni 70,000. Abiria wanaona bei inapanda, hawajui kwa nini. Umbali umekuwa bei.

Sasa upande wa kuchora. Dakika 11 ni sekunde 660, kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 16,500. Mkichora picha moja kwa kila fremu mbili ni picha 8,250 kwa sehemu moja, na kikundi kidogo hakitoboi. Mnachoweza: maongezi ya bei yachorwe picha moja kwa fremu tatu, miili imetulia, midomo na mikono tu ndiyo inayotembea. Mapatano mazuri ya sekunde 90 hayahitaji mandhari zaidi ya mbili. Akiba hiyo ndiyo inalipia jitu, ambalo msilionyeshe zaidi ya sekunde 60 hadi 90 kwa sehemu. Kuwa na dalali kama mhusika mkuu ni akili kwa sababu hii peke yake. Drama yake ni ya bei nafuu kuichora.

Jitu lenyewe linaharibika kwa kosa moja kubwa, kasi. Tembo dume ana mita kama 3.3 begani. Wako ni mara 15. Uzito unapanda kwa 15 mara 15 mara 15, yaani 3,375: tembo wa tani 6 anakuwa zaidi ya tani 20,000. Miguu haiongezeki hivyo, eneo la mguu limepanda mara 225 tu, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mara 15 ya kawaida. Mnyama wa kweli angevunjika, lakini hiyo ni ruhusa ya hadithi, hakuna atakayewashtaki. Kisicho na ruhusa ni mwendo. Kitu kikikuzwa mara 15, mwendo wake unapungua kwa kipeuo cha pili cha 15, karibu mara 4. Hatua ya sekunde moja na nusu inakuwa karibu sekunde sita, fremu 150 hivi. Jiwe linalodondoka mgongoni kutoka mita 50 linafika chini baada ya sekunde 3.2, fremu 80. Likifika kwa fremu 20 jitu limekuwa mbuzi mkubwa, na hakuna muziki utakaokuokoa.

Vipimo vya macho: usilisimamishe peke yake kwenye uwanda mtupu, pale Bahi litaonekana saizi yoyote ile. Weka mbuyu. Mbuyu wa mita 20 haufiki hata nusu ya jitu, na kila mtu wa huku ameshasimama chini ya mbuyu. Vihenge vya Kizota, nguzo za reli ya umeme, Mlima Simba nyuma, vyote vinasaidia. Vumbi liwe la punje ndogo na lichelewe kutua. Punje kubwa za vumbi zinalifanya jitu lionekane mwanasesere kwenye sanduku la mchanga. Tumieni Blender kwa jitu na OpenToonz kwa watu, zote ni bure, na mkubaliane fremu 25 tangu siku ya kwanza kwenye programu zote mbili. Mmoja akifanya 24 na mwingine 25, dakika ya 11 midomo imepishana na sauti kwa zaidi ya sekunde 25.

Mtani_wa_Kweli

Mimi niko upande wa afe. Mtu aliyeuza nafasi za kuokoka kwa 70,000, halafu mwishoni anarudi sokoni anakula chipsi kuku? Watu watakasirika.

KaraniWaGhala

Wakikasirika vizuri. Akifa wataondoka wamesamehe, na kusamehe ni kazi ya waliouziwa nafasi, si ya mwandishi.

Mtani_wa_Kweli

Sawa, lakini hoja yako kwamba akifa amemaliza si ya huku kwetu. Marehemu deni lake halifi. Msibani kabla ya kuzika mtu anasimama anasema anayemdai marehemu ajitokeze, na warithi wanalipa kabla ya kugawana hata kijiko. Chajuu akifa, daftari linabaki kwa yule utingo. Hapo una msimu wa pili, haha.

KaraniWaGhala

Hiyo nakupa. Mfanye basi aonekane kama atakufa, utingo ashike daftari na kuanza kusoma majina mbele ya watu, halafu mwenyewe atokee na kukuta deni lake limeshatangazwa hadharani. Aibu ya namna hiyo ni nzito kuliko jeneza.

Ngeli_na_Fasihi

Nimesoma yote, nyongeza yangu ni ya lugha, kwa sababu katuni hii ni ya maongezi kuliko mnavyodhani.

Kiswahili kina chombo cha kuonyesha mabadiliko ambacho hakihitaji hotuba, nacho ni upatanisho wa sarufi. Chajuu anahesabu watu kama mzigo: "vichwa kumi vimebaki", "viwili vipande hapa nyuma". Mpe usemi huo tangu sehemu ya 1 na ausimamie kabisa. Sehemu ya 7 au 8, katikati ya fujo, ateleze: "Kumi wamebaki." Asijirekebishe, na mtu yeyote asimtazame. Ukiweka mhusika wa kumwambia "leo umesema wamebaki" umeua tukio zima. Mtazamaji mmoja kati ya kumi atalisikia mara ya kwanza, wengine watalipata wakirudia.

Kwa njia hiyohiyo angalia anavyowaita. Dalali ana jina la kila mfuko: "bosi" kwa mnunuzi, "mzee wangu" kwa mkulima, "bi mkubwa" kwa mama mwenye gunia tatu. Utingo anamwita "we dogo". Jina lake halisi alijue sehemu ya 9, na alijue kwa kulisoma kwenye daftari la mishahara anayodaiwa. Salamu pia. Dalali wa soko hili lazima ajue kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, lakini kwake hiyo ni mafuta ya kulainishia bei: anaitoa akiona gunia, anaimeza akiona mtu mikono mitupu. Siku atakayomsalimu bibi asiye na cha kuuza, umemaliza ukurasa mzima wa mswada kwa neno moja.

Epuka mahubiri. Mtu huyu akiombwa aeleze kwa nini amefanya jema, adanganye, na adanganye kuelekea ubaya: "Nilikosea hesabu." Na tafadhali msimfanye Mgogo wa vichekesho mwenye lafudhi ya kuchekwa, wala kuwageuza Wagogo wote kuwa ombaomba wa kwenye utani wa mitandaoni. Utani uwepo, ila uwe na kazi. Mpe mtani wa kabila jirani mwenye haki ya kumwambia ukweli mbele ya soko zima bila ugomvi, maana hakuna mwingine anayeweza.

Kuhusu midomo: Kiswahili kwa sehemu kubwa kinamalizia silabi kwa irabu, kwa hiyo midomo minane inawatosha: a, e, i, o, u, uliofungwa kwa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na uliopumzika. Mkitumia programu ya Rhubarb kupanga midomo, msiiachie kitambuzi chake cha kawaida, kile kimefundishwa Kiingereza na kitaotea maneno yasiyokuwepo. Chagueni kile kingine kinachofuata sauti bila kujali lugha. Rekodini sauti kabla ya kuchora, siyo baada.

ZabibuKavu

Nashukuru sana wakuu. Nimekaa nayo, naona hivi, mniambie inapovuja.

Sehemu ya 1 anauza nafasi kwa kuhesabu sekunde na bambo. Ya 5 anashusha gunia 40, anapandisha watu 40, faida laki mbili. Ya 7 anamfundisha utingo kuhesabu, si kwa wema, ila anataka alale zamu. Ya 8 utingo anawafundisha watu wote wa kijiji bure, bei inaanguka, Chajuu anamtukana, anamshusha njiani bila mshahara na kuondoka na gari. Ya 9, badala ya mtoto, gari limekwama kwenye mchanga wa korongo, Chajuu anauziwa nafasi na dalali mwingine kwa cha juu ya ajabu, hela haitoshi, anaachwa. Anachukuliwa bure na lori la watu wanaojua kuhesabu, na waliofundishwa ni wale wa utingo. Ya 10 anahangaika kulipa deni ambalo hakuna anayemtajia bei. Ya 11 anapatana na Idodomya.

Hapo kwenye 11 ndipo sijui. Anapatanaje?

Fremu25

Tembo wanawasiliana kwa sauti za chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, sikio la mtu halizipati, na wanausikia mtetemo wa ardhi kwa nyayo. Kwa hiyo hamhitaji jitu liongee. Chajuu ameshika bambo tangu sehemu ya 1, anausoma mtetemo kuliko mtu yeyote. Fanya achelewe kugundua kwamba ule mtetemo mwingine, unaotokea jitu likiwa limesimama, si hatua. Jitu linauliza.

MtuWaSokoni

Na mapatano yoyote yana namba nne: bei ya kuanzia, bei ya mwisho, njia yako ya pili biashara ikifa, na kile ambacho mwenzako hakijui. Andika hizo nne kwa pande zote mbili kabla ya tukio, usizitamke hata moja.

Idodomya anaelekea Mtera kwa sababu ndiyo maji anayoyanusa. Akilipanda lile bwawa, megawati 80 za umeme zimekwenda na maji yote yanashuka Ruaha kwa mkupuo. Lakini anachotaka hasa si bwawa, ni tope la kuzamia tena. Bahi ina tope, ila Oktoba ni kavu. Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na ikinyesha juu Kondoa mto Bubu unaleta maji Bahi. Kwa hiyo Chajuu hauzi maji, anauza muda. Anamwomba jitu lisubiri wiki sita. Na kishika uchumba lazima kitolewe, maana hakuna anayesubiri kwa maneno. Maji kidogokidogo, visima na malambo ya vijiji, kila siku, yamwagwe njia ya kuelekea Bahi ili jitu lionje na kugeuza uso. Maji hayo si ya Chajuu. Itabidi akakae na vijiji na kuwaambia yote: jitu liko wapi, linataka nini, litasubiri mpaka lini, na yeye anapata nini. Asiponyoosha hata kimoja, wanamkatalia, kwa sababu ndio walewale aliowauzia nafasi.

Ngeli_na_Fasihi

Hapo kwenye "yeye anapata nini" wasikilizaji watauliza, na ajibu kwa tarakimu. Asiseme "sipati kitu", hakuna atakayeamini, hata mimi siamini. Aseme "elfu tano kwa kijiji, ya mafuta", na iwe kweli.

ZabibuKavu

Hiyo elfu tano nimeipenda mno. Swali la mwisho: mshahara wa utingo aulipe lini? Nilifikiri sehemu ya 12, mwisho kabisa, kama picha ya kufungia.

KaraniWaGhala

Hapana, hapo itaonekana zawadi. Alipe mwanzo wa sehemu ya 11, kabla hajajua kama jitu litakubali, na alipe miezi mitatu badala ya miwili kwa sababu mwezi mwingine umepita tangu amshushe. Utingo azihesabu noti mbele yake, mara mbili.

Fremu25

Na mkono unaohesabu noti ni mgumu kuchora. Tengea sekunde nne, picha moja kwa kila fremu mbili, usiibanie.